Mratibu wa Kuzuia Kuanguka

Jumatatu, 6 Mei

Dada kapiga simu saa moja asubuhi, chai bado iko motoni. Anayepiga simu saa hizo ana moja kati ya mawili: msiba au amri. Msiba hakuna.

Amri yenyewe ni hii. Mama akianguka tena, anahamishiwa kwake na nyumba inapangishwa. Kasema hivyo hivyo, inapangishwa, kama vile humu ndani wanaishi mende watupu. Nikamkumbusha kwamba mimi pia naishi humu. Akanikumbusha kwamba nilikuja kwa wiki mbili nilipostaafu ukarani wa stoo, na huu ni mwaka wa sita.

Ni kweli Mama aliteleza bafuni mwezi uliopita. Alivilia damu kwenye nyonga, hakuvunjika kitu, na kesho yake alikuwa kwenye cherehani yake anashona sare za shule kama kawaida. Ana miaka themanini na sita. Sabuni aliyoikanyaga ilikuwa yangu. Hilo halitoki kwenye daftari hili.

Dada atakuja kukagua Jumapili ya tarehe 19. Siku kumi na tatu! Sikubali. Nina miaka sitini na tatu, nitaanza kutafuta chumba na nani? Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kuanzia leo mimi ni Mratibu wa Kuzuia Kuanguka, kwa nyumba hii na kwa mtaa mzima. Nimejiteua. Hakuna aliyepinga.

Hatua ya kwanza: mazulia madogo yote nimeyaondoa, maana yanakwaza wazee. Nimeyakunja nikayarundika kwenye korido. Saa nne nikayakwaa. Sikuanguka. Nilikaa chini bila kupanga. Mama katoka chumbani, kanivuka, kaenda zake jikoni.

Jumanne, 7 Mei

Fundi kaja kuweka chuma cha kushikia bafuni. Kataka kumpima Mama kwanza, ili chuma kikae usawa wa mkono wake. Mama alikuwa na sare thelathini na mbili za kumaliza. Kasema hainuki. Basi nikasimama mimi kwa niaba yake. Fundi kauliza kama Mama ana urefu huo kweli. Nikamwambia urefu umo kwenye damu yetu. Fundi ni mtu wa maneno machache, akatoboa ukuta.

Jioni ukweli ukajulikana. Chuma kiko juu ya kichwa cha Mama kwa shibiri nzima. Hata hivyo hajalalamika. Kaanika hapo soksi zangu, kasema kwa miaka sita alikuwa hajui aziweke wapi.

Mimi kimenigonga kwenye paji la uso mara mbili. Ni suala la kuzoea.

Jumatano, 8 Mei

Usaliti! Nesi mstaafu, jirani yetu wa nyumba ya pili, anaendesha mazoezi ya wazee kwenye ukumbi wa mtaa. Mazoezi ya nini? Ya kuzuia kuanguka. Wazo langu! Halijamaliza hata siku tatu, na tayari limeibwa.

Nikaenda kumlalamikia Mama. Kasema Nesi alianza mwaka juzi, na yeye Mama huenda kila Ijumaa, hajakosa hata mara moja. Mimi miaka yote hiyo nilidhani Ijumaa anakwenda kununua uzi.

Si neno. Mazoezi ni kitu kimoja, uhamasishaji ni kitu kingine. Leo nimeandika mabango kumi na mawili kwa mkono wangu, herufi kubwa nyekundu: MZEE, TAZAMA UNAPOKANYAGA! Nimeyabandika juu kabisa kwenye nguzo za barabara ili watoto wasiyafikie. Fundi kanishikia kiti nilipopanda. Nilishuka kabla ya kiti. Kuteleza si kuanguka, wahenga walishasema.

Alhamisi, 9 Mei

Mabango yanasomwa sana. Tatizo ni kwamba ili uyasome inabidi uinue shingo. Mwalimu Mkuu mstaafu kainua shingo, kafika kwenye neno TAZAMA, kaingia mtaroni hadi magotini. Mwanamke aliyebeba ndoo ya nyanya kakumbana na nguzo. Hadi saa sita walikuwa wameshafika wanne.

Nesi kaja mlangoni. Kasema kwa sauti ya upole, ile sauti wanayotumia kabla ya kukuchoma sindano, kwamba kwa miaka miwili mtaa huu haukuwa na ajali mtaroni. Kaniomba niyashushe. Nikamjibu kwamba anayesoma bila kutazama anapokanyaga ndiye hasa anayehitaji ujumbe. Mama kamwita ndani akampa chai, wakacheka sana. Sijui walikuwa wanacheka nini.

Ijumaa, 10 Mei

Nimekwenda kwenye mazoezi ya Nesi. Si kushiriki. Kupeleleza.

Wazee ishirini na wawili, kila mmoja na kiti chake. Wanainuka bila kutumia mikono, wanakaa, wanainuka. Kisha wanashika mgongo wa kiti na kusimama kwa mguu mmoja. Mama alisimama hivyo huku anamsimulia jirani yake bei ya vifungo. Nesi kanialika nami nijaribu. Nikaona kiti ni cha wagonjwa, nikasimama bila kushika. Nilidumu muda wa kutosha kabisa. Kisha nikajikuta kwenye mapaja ya Mwalimu Mkuu, ambaye bado ana bandeji za mtaroni. Kasema kwa umri wake alidhani ameshamaliza kupakata watu.

Mwisho wa kipindi Nesi kagawa fomu. Kila mzee apimwe nyumbani na mtu wa familia. Kipimo ni rahisi. Mtu anakaa kitini, saa inaanza. Anainuka, anatembea mita tatu kwa mwendo wake wa kawaida, anageuka, anarudi, anakaa. Sekunde zinaandikwa. Zikizidi kumi na mbili, huyo ni wa kuangaliwa kwa makini. Chini yake kuna maswali mengine. Fomu zirudi Jumatatu.

Nesi kaniambia Dada amempigia simu, anataka matokeo ya Mama. Atakayoyaona kwenye fomu ndiyo atakayoamua nayo.

Kwa hiyo karatasi hii moja ndiyo nyumba. Ndiyo kitanda changu, dirisha langu, na ndoano ninayotundika koti.

Jumamosi, 11 Mei

Mama kakataa kupimwa. Nimembembeleza asubuhi, nimembembeleza mchana. Kasema yeye si mbuzi wa mnada, na tena ana mikono kumi na minne ya sare haijaunganishwa. Kasema niandike ninachotaka.

Nikakaa nikafikiri. Mama ana miaka themanini na sita. Hata akikubali, atachukua dakika nzima, na Dada ataleta gari. Basi mwana akimsaidia mzazi kuna ubaya gani? Nitajipima mimi, kisha niandike sekunde zangu kwenye fomu yake. Mimi niliyecheza winga wa kulia timu ya wafanyakazi wa stoo! Matokeo yatang'aa.

Nikapima mita tatu sebuleni kwa futi ya kushonea. Nikakaa kwenye kochi. Mara ya kwanza: sekunde kumi na tisa. Kochi lile linameza mtu. Mara ya pili: ishirini na moja, kwa sababu ya kona ya meza. Mara ya tatu: kumi na nane! Nikaandika kumi na nane kwa kalamu ya wino, nikapuliza ikauke.

Hiyo kumi na mbili ya Nesi nimeisoma tena na tena. Mpiga chapa amekosea, hakuna ubishi. Binadamu hawezi kwenda na kurudi kwa sekunde kumi na mbili bila kukimbia, na kukimbia ndiko kunakoangusha wazee.

Maswali mengine nimeyajibu vivyo hivyo, kwa haki. Je, hutumia mikono kuinuka? Ndiyo, mikono tuliumbiwa ya nini? Je, hushika ukuta au meza anapotembea? Ndiyo, kama mtu yeyote mwenye akili. Macho yalipimwa lini? Miaka tisa iliyopita, na yalikuwa mazuri sana. Viatu vya ndani? Kandambili zilizolika kisigino, zimeshazoea mguu. Ameyumba mara ngapi wiki hii? Hapo nikasita. Nikaandika tano, ili fomu isionekane ya kupikwa.

Fomu safi. Nimelala mchana bila wasiwasi.

Jumatatu, 13 Mei

Nimepeleka fomu mwenyewe. Nesi kaisoma. Kavua miwani, kaipangusa, kaivaa, kaisoma tena. Kisha kanishika bega. Nikajua amevutiwa.

Saa kumi jioni Dada kapiga simu. Alikuwa analia. Dada! Mwanamke ambaye hakulia hata aliponing'oa jino kwa uzi na kitasa cha mlango! Kasema hakujua hali ya Mama imefika huko. Kasema Mama yuko kwenye kundi la hatari kubwa, mtu wa kuvunjika nyonga siku yoyote. Kasema Jumapili haji kukagua tena, anakuja kuchukua. Chumba cha chini kwake ameshakiandaa, kitanda kifupi, taa ya usiku, sakafu isiyoteleza.

Nikauliza kuhusu kumi na mbili, kama haikuwa kosa la chapa. Kasema ni kweli kumi na mbili. Kasema yeye mwenyewe alijipima: nane.

Nimekaa. Nimeikunja futi ya kushonea, nimeirudisha kwenye cherehani.

Jumanne, 14 Mei

Nimemwambia Mama. Ilibidi. Nilimweleza kwamba fomu imetoka vibaya, sikueleza imetokaje.

Hakugomba. Ningependa angegomba. Kaifunika cherehani kwa kitambaa, kaweka mikono magotini, kakaa. Tangu nizaliwe sijawahi kumwona Mama amekaa bila kitu mkononi. Baada ya muda kaniuliza amekosa nini. Kasema anajiona mzima, lakini huenda mtu hajioni mwenyewe, na wataalamu wakisema basi wamesema.

Kisha akainuka kwenda jikoni, na njiani akashika ukuta. Mama hajawahi kushika ukuta! Nimemtia woga wa miguu yake mwenyewe.

Naandika wazi: nimeona aibu. Nilifungua kinywa niseme ukweli. Nikasema chai ina sukari nyingi.

Alhamisi, 16 Mei

Mpango wa kuokoa. Nesi akimwona Mama kwa macho yake akifanya jambo gumu, fomu itapoteza nguvu. Na Mama leo anataka sanduku lake lililo juu ya kabati. Nikamwambia asiguse kitu, nakuja. Mbio hadi kwa Nesi, nikamwambia aje haraka, kuna jambo la kitaalamu.

Tulipofika, Mama alikuwa juu ya stuli, wima, sanduku mikononi. Picha niliyoitaka! Lakini nikaona stuli inacheza, au nilidhani inacheza, na roho ikaniruka. Nikakimbia kuishika. Kandambili moja ikabaki mlangoni. Nyingine ikateleza pamoja nami. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi niliingia mvunguni mzima mzima, na sikuwa nataka kitu.

Nilipotoa kichwa, Mama alikuwa bado juu ya stuli ananitazama. Kashuka mwenyewe, sanduku kaliweka kitandani, kanifuta vumbi. Nesi kamkemea kwa kupanda stuli, kisha kaitazama ile kandambili kwa muda mrefu. Kaandika kitu kwenye kijitabu chake. Nadhani kaandika kuhusu Mama. Mpango umefaulu nusu.

Jumapili, 19 Mei



Dada kafika saa nne na gari. Nesi alikuwepo. Mama alikuwa amevaa gauni lake la kutokea, sanduku miguuni. Sare zote thelathini na mbili zilikuwa zimekunjwa mezani, na karatasi juu yake yenye jina la shule, ili atakayekuja kuzichukua asihangaike. Dada kabeba sanduku. Mama kasimama, kapita karibu na cherehani, kaigusa tu kwa kidole. Kama mtu anayeaga mgonjwa asimwamshe.

Hapo nikashindwa. Nikasema kwa sauti: zile sekunde ni zangu.

Wote wakageuka. Nikasema tena. Kumi na nane ni zangu, macho ni yangu, ukuta unaoshikwa ni mimi ninayeushika. Mama hakupimwa.

Dada hakuamini. Kasema nadanganya ili nisipoteze chumba. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nasema ukweli mtupu, naambiwa mwongo! Nesi kasema jambo hili halihitaji mabishano, linahitaji kiti. Kampima Mama pale pale. Mama kainuka, kaenda, njiani kaokota uzi uliokuwa sakafuni, karudi, kakaa. Sekunde kumi. Nesi kasema bila uzi ingekuwa tisa.

Kisha wakanitazama mimi.

Nilijitetea kwamba sijapata kifungua kinywa. Haikusaidia. Nikakaa, nikainuka kwa mikono miwili, nikaenda, nikageuka kwa kushika kabati, nikarudi, nikalikosa kochi kwa upande mmoja. Ishirini na tatu. Sijawahi kuthibitisha jambo kwa ukamilifu namna ile.

Dada kakaa chini. Kacheka mpaka kashika mbavu, kisha kanitazama kama ananiona leo. Kauliza paji la uso limefanya nini. Kauliza kiwiko je. Mama kajibu yote, moja baada ya jingine, kwa tarehe. Kumbe alikuwa anahesabu! Kasema alikuwa anasubiri mwenyewe niseme, mtu mzima haumbuliwi. Mganga hajigangi, kasema, lakini huyu wetu hata hajui kwamba anaumwa.

Dada kasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na yeye hatasubiri guu livunjike. Chumba cha chini kiko tayari. Kitanda ni kifupi. Gari limeshawashwa. Na macho yote sita ya hukumu, ya Mama, ya Dada na ya Nesi, yakaniangukia mimi.

Mama kalifungua sanduku mwenyewe, katoa magauni yake, kapanga mashati yangu. Dakika kumi. Mlangoni kanifunga kifungo cha shingo, kaniambia niinue miguu nikitembea, nisiburute. Kasema Ijumaa atakuja kunitembelea, baada ya mazoezi.

Gari lilipokuwa linageuka nikamwona kupitia dirishani. Alikuwa anaisukuma cherehani kuipeleka chumbani kwangu. Chumba changu kina mwanga mzuri.

Jumanne, 21 Mei

Kwa Dada. Nimevishwa viatu vya soli ya mpira. Kandambili zimetupwa mbele ya macho yangu. Alhamisi napelekwa kupimwa macho. Asubuhi nainuka na kukaa kitini mara kumi, Dada akihesabu kwa sauti ya jeshi.

Nimetafakari kwa kina, na sina budi kuandika tathmini ya kampeni. Lengo lilikuwa Mama abaki nyumbani kwake. Mama amebaki. Kampeni imefaulu! Mtu mwenye majivuno angejisifu.

Nimegundua pia mtaa huu wa Dada hauna mratibu. Hakuna bango hata moja. Wazee wanapita hovyo. Nimekaa nikachunguza kosa la mabango ya kule na nimelipata: hayakuwa juu vya kutosha. Mtu aliyasoma akiwa karibu mno na nguzo. Bango likiwa juu sana, litasomwa kutoka mbali, kabla ya mtaro.

Kwa hiyo Dada alipotoka kwenda kazini, nikachukua ngazi ya fundi rangi nyuma ya nyumba, nikapanda juu ya paa la stoo. Bango limekaa vizuri ajabu, linaonekana hadi njia panda. Ngazi haikukaa vizuri. Imelala chini kwenye nyasi. Ninaandika haya nikiwa huku juu. Bahati nzuri daftari huwa natembea nalo. Ni saa tano. Dada hurudi saa kumi na moja. Bati limeanza kupata moto.

Sasa hivi bibi wa nyumba ya jirani katoka uani kwake, mzee kama Mama, anaanika nguo. Kaniona. Kaweka beseni chini, kauliza kama nataka aniinulie ngazi, kasema ni nyepesi, anaiweza.

Nimemshukuru, nimemwambia niko kazini. Kaingia ndani kwake. Anatembea haraka mno kwa umri wake, na hashiki ukuta. Nikishuka nitaanza na huyo.